Picha ya mtoto kwa ajili ya fremu ya sebuleni: studio, mlangoni au nje?

Kabla hujaamua kama mtoto apelekwe studio, apigwe picha nyumbani au atolewe nje, simama sebuleni mbele ya ukuta utakaobeba fremu, kisha uhesabu hatua kutoka hapo hadi kwenye kiti ambacho wageni huketi. Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa ninazozifahamu, umbali huo ni kama mita 2 hadi 3, na ndio umbali ambao picha itatazamwa kwa miaka mingi ijayo. Picha ya kwenye simu hushikwa karibu na uso, hutazamwa kwa sekunde chache, na anayetaka kuona zaidi huikuza kwa vidole. Picha ya ukutani haikuzwi kwa vidole. Kwa hiyo kila njia nitakayoilinganisha hapa naipima kwa swali moja: je, mtu aliyeketi upande wa pili wa sebule ataiona sura ya mtoto, na mwakani bado atapenda kuiona?

Njia zote tatu nimezijaribu kwa wanangu wawili na kwa watoto wa dada yangu anayeishi Tukuyu, na nasema mapema kwamba kwa watoto wengi wenye umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 6, picha iliyopigwa mlangoni pa nyumba yao wenyewe huzishinda nyingine. Hata hivyo, zipo hali ambazo studio ndiyo chaguo la busara, na zipo chache ambazo inafaa kufunga safari.

Studio

Studio ina sifa moja ambayo nyumba haina: mwanga wake hautegemei hali ya hewa. Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na huko Rungwe, ambako baadhi ya maeneo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, unaweza kungoja juma zima usipate alasiri moja kavu. Studio pia humwezesha mzazi kumaliza kazi yote mahali pamoja, kuanzia kupiga picha, kuisafisha hadi kuitia kwenye fremu, jambo lenye uzito kwa anayetoka Chunya au Makete na kufika mjini mara chache kwa mwaka. Kwa mtoto mchanga ambaye bado hajaweza kukaa, na kwa picha ya ndugu wanne au watano pamoja na wazazi wao, naipendekeza studio bila kusita, kwa sababu taa mbili zilizopangwa vizuri huziangaza nyuso zote kwa usawa, na mtoto wa miezi 4 hajali yuko wapi maadamu ameshiba na anaisikia sauti ya mama yake.

Ugumu huanza mtoto akishajua kuogopa wageni. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka studio akiwa na miaka 2, amevaa suti ndogo niliyoiazima na viatu vilivyombana. Mpiga picha alikuwa mtu mpole, akimwambia, “Cheka kidogo, baba. Mwangalie mama,” huku akitikisa funguo juu ya kamera. Katika picha tuliyoichukua, macho ya mwanangu yako kwenye zile funguo, mabega yamepanda hadi karibu na masikio, ngumi moja imefumbwa, na nyuma yake kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji yenye rangi kali kuliko kitu kingine chochote katika picha. Ilikaa ukutani miezi 8, kisha nikaihamishia kwenye albamu, kwa sababu kila aliyeketi kwenye kochi aliyaona maporomoko kabla ya kumwona mtoto.

Ukiamua kwenda studio, omba pazia la rangi moja, kama kijivu, kahawia au nyeusi, na umvalishe mtoto nguo ambayo ameshaizoea mwilini. Nenda asubuhi, baada ya mtoto kula na kabla ya saa yake ya kulala, na uepuke Jumamosi, siku ambayo watu wa sherehe hupanga foleni. Halafu mwambie mpiga picha, kabla hajawasha kompyuta, kwamba hutaki ngozi ya mtoto ing'arishwe. Hili nalisema kwa uzito wote. Mara nyingi nimeona watoto weusi wazuri wakirudishwa kutoka kwenye kompyuta wakiwa na rangi ya kijivujivu, uso hauna kivuli wala umbo, na mtoto akikua huitazama picha hiyo kila siku na kuelewa kwamba rangi yake ilihesabiwa kuwa kasoro ya kusahihishwa. Rangi ya mtoto ni yake, na mwanga ukiwa mzuri hung'aa yenyewe.

Mlangoni pa nyumba

Mlango ulioachwa wazi mchana ni chanzo kikubwa cha mwanga laini, na hakilipiwi. Mtoto akiketi ndani, kama hatua moja kutoka kwenye kizingiti, uso wake hupata mwanga wa anga bila kupigwa na jua lenyewe, huku chumba kilicho nyuma yake kikiwa na giza la kutosha kuzificha ndoo, meza na nyaya za televisheni. Ukisimama nje na kumwelekea, uso utaangazwa wote. Ukisimama ndani, ubavuni pake, upande mmoja wa uso utang'aa na wa pili utaingia kivulini taratibu, na ndipo shavu, pua na paji la uso huonekana kuwa na umbo. Mimi hupenda huu wa pili kwa picha ya ukutani, kwa sababu kivuli ndicho kinachoufanya uso usomeke ukiwa mbali. Kivuli kikizidi, mtu mmoja ashike shuka jeupe upande wa giza, nje kidogo ya picha, nalo litarudisha mwanga kiasi.

Uchaguzi wa mlango au dirisha una maana kubwa kuliko uchaguzi wa kamera. Huku kwetu, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo mlango au dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua siku nzima na mwanga wake hubaki tulivu tangu asubuhi hadi alasiri. Kwa mkazi wa katikati ya jiji la Mbeya, huo ndio mlango unaoupa mgongo Mlima Loleza. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari jua la mchana huhamia kusini, lakini huwa juu sana, na kibaraza chenye paa refu hulizuia. Nyumba isiyokuwa na mlango wa namna hiyo isubiri siku ya mawingu, ambayo Mbeya na Njombe hazina uhaba nayo. Zima taa ya umeme ya ndani, kwa kuwa mwanga wake wa njano ukichanganyika na mwanga wa nje huupaka uso rangi mbili. Angalia pia kilicho karibu na mtoto, maana mlango uliopakwa rangi ya kijani hurudisha ukijani shavuni, nao udongo mwekundu wa uani huongeza wekundu chini ya kidevu.

Kosa linaloharibu picha nyingi za mlangoni ni simu kukadiria mwanga kwa kutazama picha nzima badala ya uso. Chumba cheusi kikichukua nafasi kubwa nyuma ya mtoto, simu huongeza mwanga na kuliunguza paji la uso likawa jeupe. Mtoto akivaa gauni jeupe la ubatizo mbele ya ukuta mweupe, simu hupunguza mwanga na uso hugeuka kizani. Dawa ni kugusa uso wa mtoto kwenye skrini, kisha kupandisha au kushusha mwanga kwa kidole hadi uone kope na mng'ao mdogo ndani ya mboni. Simu ishushwe iwe sawa na macho ya mtoto, hata kama itakubidi upige magoti sakafuni. Ukimpiga ukiwa umesimama, kichwa huwa kikubwa na miguu huwa mifupi. Usimsogelee sana pia, kwa kuwa lenzi ya simu ikiwa karibu huivimbisha pua. Kaa kama mita 1.5 hadi 2 na utumie ukuzaji wa mara 2 ikiwa simu yako inao.

Jambo ambalo mlango hukupa na studio haikupi ni kwamba mtoto yuko kwake. Anazo shughuli. Binti yangu alipokuwa na miaka 4, Julai moja yenye baridi kali, alikuwa ameketi na bibi yake karibu na mlango wa jikoni, ungo wa maharage kati yao, akiwa amevaa sweta la rangi ya haradali ambalo bibi huyo alimfumia. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni kwa muda mrefu kiasi cha yeye kusahau kwamba nipo. Akaokota punje moja yenye madoa, akaiinua kati ya vidole viwili hadi usawa wa jicho, akaigeuza kuelekea mlangoni na kusema, “Bibi, hii ina macho.” Nilibonyeza na kushikilia, simu ikapiga mfululizo wa picha, na katika moja kati ya hizo midomo yake imefunguka kidogo, punje imepata mwanga, na mkono wa bibi unaonekana ukingoni ukiwa umesimama katikati ya kazi. Hakuna aliyemwambia acheke, naye hakucheka. Wageni huuliza alikuwa anatazama nini, na yeye mwenyewe, sasa akiwa mkubwa, ndiye anayewasimulia.

Kwa hiyo usimwambie mtoto asimame atazame kamera. Mpe kazi ndogo ya mikono iliyo karibu na uso wake: kupukuchua mahindi, kumenya chungwa, kufunga kamba za viatu, kusuka ukili pamoja na shangazi. Kwa mtoto wa mwaka 1, kijiko cha mbao kinatosha.

Nje

Tunaishi katika nchi nzuri, na ni kawaida mzazi kutaka uzuri huo uonekane nyuma ya mwanawe. Tatizo ni lile la ukuta. Mandhari yanapokuwa makubwa mtoto huwa mdogo, na kwenye fremu ya sentimita 20 kwa 25 mtoto aliyesimama katikati ya shamba la chai la Mufindi huonekana kama kidole ukiwa kwenye kochi. Picha ya nje huidai fremu kubwa, angalau sentimita 40 kwa 60, na ukuta mpana usio na kitu kingine. Kama unavyo hivyo viwili, na mtoto ana miaka 5 au zaidi, anayekimbia na kufuata maelekezo, basi nje panafaa.

Mahali penyewe pana tofauti. Mashamba ya chai ya Tukuyu na Mufindi yana kijani kinachotulia, kisichoshindana na uso, mradi mtoto avae nyekundu, njano au nyeupe ya maziwa. Omba ruhusa kwanza, kwa kuwa ni maeneo ya kazi yenye wenyewe. Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, huchanua katika miezi ya mvua, hasa kati ya Desemba na Aprili. Maua hayo ni mafupi, kwa hiyo hupendeza mtoto akiwa ameketi au amechuchumaa kati yake, kuliko akiwa amesimama. Lakini uwanda huo uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, una kiingilio, na mtoto mwenye baridi huwa na uso uliokunjamana. Isimila, karibu na Iringa mjini, ina nguzo ndefu za udongo uliomomonyoka ambazo humfanya mtoto aonekane mdogo kwa namna inayoeleweka, kwa sababu ukubwa wa nguzo ndio habari ya picha. Kwa mtoto mtundu mwenye umri wa miaka 7 au 8 ningeichagua Isimila kabla ya Kitulo.

Kuhusu saa, mchana usijaribu. Jua letu la mchana huwa juu mno, na mwezi Oktoba huwa karibu utosini kabisa, hivyo kila jicho hujificha katika kivuli cha paji lake. Mtoto wa dada yangu tulimpiga picha saa saba mchana penye migomba, mwanga ukipenya vipande vipande kati ya majani, na uso wake ukatoka na mabaka kama nguo ya jeshi. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa nzuri, jua likiwa nyuma au ubavuni mwa mtoto, lakini fika mapema, kwa kuwa huku machweo hayachukui muda. Iringa ina upepo na vumbi miezi ya Agosti hadi Oktoba, basi futa lenzi kwa kitambaa laini mara kwa mara. Tukuyu ina ukungu, na ukungu mwepesi ni bora kuliko jua.

Kusafisha picha na kuitia kwenye fremu

Wengi huuliza kama simu inatosha au wamtafute mwenye kamera. Kwa mlangoni mchana, simu inatosha. Picha ya inchi 8 kwa 10 ikisafishwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 2,400 kwa 3,000, yaani milioni 7.2, na simu nyingi za siku hizi huvuka kiwango hicho kwa kamera yao ya nyuma. Kamera kubwa huanza kustahili gharama yake jioni, ndani penye mwanga hafifu, au mtoto anapokimbia, kwa kuwa hapo simu hutoa picha iliyotikisika. Ule mtindo wa simu unaoififisha sehemu ya nyuma uache, kwa sababu hukosea kingo za nywele zetu, na kasoro ambayo huioni kwenye skrini itaonekana wazi ikisafishwa kwa ukubwa.

Acha nafasi kuzunguka kichwa. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya inchi 8 kwa 10 ni 5 kwa 4 na ile ya inchi 4 kwa 6 ni 3 kwa 2, kwa hiyo lazima kitu kikatwe, na usipoacha nafasi kitakachokatwa ni nywele au mikono. Faili lenyewe lipeleke kwenye kadi au kwa kebo. Ukilazimika kutumia WhatsApp, litume kama dokumenti. Mimi niliwahi kutuma kama picha ya kawaida kwa duka moja, na shavu la mwanangu likarudi likiwa na miraba midogo inayoonekana hata kutoka mlangoni.

Kati ya rangi na nyeusi na nyeupe, kwa mtoto nachagua rangi karibu kila mara. Lile sweta la haradali, likiwa kijivu, lisingemkumbusha mtu yeyote mikono iliyolifuma. Nyeusi na nyeupe inasaidia pale ambapo nguo na ukuta vinagombana kwa rangi, au mnapotundika pamoja picha za watoto watatu zilizopigwa miaka tofauti, maana huzifanya zifanane. Haiwezi kuiokoa picha iliyotikisika.

Karatasi iwe isiyong'aa ikiwa ukuta unatazamana na dirisha. Inayong'aa ina rangi nzito zaidi, ila itakuonyesha dirisha badala ya mtoto. Katika maeneo yenye unyevu kama Tukuyu, picha isigusane na kioo. Ya dada yangu iligandia kwenye kioo baada ya misimu miwili ya mvua, na tulipojaribu kuibandua sehemu ya kidevu ilibaki kwenye kioo. Mwambie fundi aweke ukanda wa kadibodi ngumu kuzunguka picha, wenye unene wa milimita 2 au 3, ili hewa ipite. Fremu ya msonobari ni nyepesi na hupatikana kwa urahisi huku kwetu, lakini mbao iwe imekauka vizuri, kwani mbichi hupinda na kuachia pembe.

Kuhusu fremu moja kubwa au kadhaa ndogo, nasema moja kubwa kwa kila mtoto sebuleni, na hizo ndogo zikae korido au chumbani, mahali ambapo watu hupita karibu nazo. Zikiwa nyingi ukuta mmoja, jicho la mgeni halijui pa kutua.

Kabla fundi hajaufunga mgongo wa fremu, andika nyuma ya picha, kwa penseli, tarehe, umri na mahali. Yetu imeandikwa mwezi na mwaka, “mlango wa jikoni, maharage ya bibi,” na imetundikwa katikati yake ikiwa sentimita 145 kutoka sakafuni, kwenye ukuta ambao jua la jioni haliufikii.